Mstari Mmoja kwa Nyumba Nzima

6 Februari 1991

Kwako mwanangu Karani,

Pokea salamu za hapa nyumbani, na kama umesimama tafuta kiti maana ni nyingi. Baba yako anakusalimu, kiuno kimepoa kidogo, ila bado anainama kwenye baiskeli za watu kama aliyeangusha kitu asikione. Bibi yako anakusalimu, masikio yanakwenda lakini ya kusikia umbea yamebaki mazima. Mjomba wako fundi redio anakusalimu, na mkewe anakusalimu kivyake kwa kuwa wiki hii hawasemeshani. Jirani yetu Mama Mapacha anakusalimu, mapacha wote wawili wanakusalimu, na huyo aliye tumboni tumhesabu naye. Mdogo wako Chiriku anakusalimu kuliko wote na anasema usijifanye umesahau kalamu uliyomwahidi.

Mimi mzima. Mzima wa mwili. Ni moyo tu ndio unanifanya nishike kalamu, na unajua kuandika kwangu ni kama kupanda mlima na mtoto mgongoni.

Jumatatu alikuja bwana mmoja na gari, akabandika karatasi kwenye mlango wa zahanati. Hakusalimia mtu. Mimi nilikuwa nadeki, akapita na viatu vyake juu ya sakafu yangu mbichi, akaondoka. Sista akaisoma, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akavua kofia. Tangu nianze kufagia pale sijawahi kumwona Sista akikaa kwenye lile benchi.

Karatasi inasema serikali inapunguza matumizi, na zahanati zenye watu wachache zitafungwa, na yetu imo. Mwisho wa mwezi huu. Watu wachache! Mwanangu, mimi ndiye ninayefuta nyayo zao kila siku. Mama Mapacha akasema labda walitupima kwa mizani, wakaona tumekonda. Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kuweka mikono.

Sasa mdogo wako. Unajua hali yake. Vidonge viwili vya kifafa kila jioni, na huu ni mwaka wa tatu hajaanguka. Yuko kwa fundi cherehani anajifunza, ameshafika kwenye kola, na fundi anasema kola ndiyo inayomtenga fundi na mbabaishaji. Zahanati ikifungwa vidonge vitatoka wapi?

Wewe uko kwenye nyumba hiyo hiyo ya serikali zinakotoka karatasi. Muulize mkubwa wako ni nani alituhesabu, na alituhesabu akiwa wapi, maana hapa hatukumwona. Nijibu haraka mama yangu, sipati usingizi.

Ni mimi mama yako

*

19 Februari 1991

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Baba, shikamoo Bibi. Mimi ni mzima na kazi zinaendelea.

Barua yako nimeipata. Usiwe na wasiwasi. Suala la zahanati lipo mezani na nimezungumza na mkuu wa idara. Amenihakikishia kwamba yetu inafungwa kwa muda tu, wakati takwimu zinapitiwa upya. Mwisho wa Aprili itakuwa imefunguliwa. Ni miezi miwili tu, Mama. Waambie na wenzako wavumilie, wasifanye vurugu, kwa sababu vurugu zitachelewesha mambo.

Nina swali moja dogo, la kikazi tu. Sista huwa anaandikaje lile daftari la wagonjwa? Nieleze kama unavyoliona ukiwa pale.

Kalamu ya Chiriku nimeinunua. Nitaituma nikipata mtu wa kuja huko.

Mwanao

*

5 Machi 1991

Kwako Karani wangu,

Salamu kutoka kwa wote, nisiwataje tena leo maana karatasi ni moja. Barua yako imeniweka sawa. Nimeisoma mwenyewe, halafu nikampa Chiriku anisomee tena nione kama inasema vilevile. Inasema vilevile.

Zahanati wameifunga. Nikusimulie, maana kilikuwa kituko. Lile gari lilipokuja kuchukua vitanda lilitukuta tumeshavikalia. Vitanda vinne, wanawake kumi na mmoja, na bibi yako katikati na fimbo yake. Yule bwana akasema, "Akina mama, teremkeni, hivi ni vitanda vya serikali." Bibi yako akamuuliza, "Na sisi ni wa nani?" Bwana akamgeukia Mama Mapacha, akasema teremka wewe mwenye tumbo, usijiumize. Mama Mapacha akasema, "Nibebe. Si umekuja kubeba?" Mwanangu, tulicheka mpaka dereva wake akacheka, akageuza uso.

Tulikaa mpaka saa tisa mchana. Yule bwana alishaanza kusema atarudi mjini kuuliza. Ndipo mimi nikasimama. Nikasema, jamani teremkeni, Karani wangu yuko huko huko, ameniandikia kwa mkono wake kuwa ni miezi miwili tu, tusiharibu. Wakatazamana. Bibi yako hakutaka. Lakini walishuka, mmoja mmoja, kwa ajili ya neno lako. Nilijiona mtu, nisikufiche. Mtu ambaye mtoto wake akisema kitu, watu wanashuka vitandani.

Umeuliza daftari. Hilo nitakueleza vizuri kwa sababu nina mkono wangu mle. Daftari jipya halijaja, mwaka wa pili sasa. Sista alikuwa analia na kurasa zinazokwisha. Mimi nikamwambia, Sista, mbona mtu na wanawe wanakuja pamoja, si uwaweke mstari mmoja? Akasema wewe mama una akili kuliko wakubwa. Tangu hapo mstari mmoja kwa nyumba nzima. Anaandika jina la mama, halafu kwa herufi ndogo, homa, homa, sikio, tumbo. Mama Mapacha na wanawe na mkwewe, mstari mmoja. Daftari limetufikisha hadi siku ya kufungwa na kurasa nne zimebaki. Kama mnataka kuwafundisha wengine huko waambieni ni mimi nimebuni.

Vidonge usijali. Sista kabla hajahamishwa alitupa vya wiki mbili, ndivyo alivyoruhusiwa. Wewe umesema miezi miwili. Nimepanga, vitafika.

Mama yako

Dada, ni mimi Chiriku, mama ameniachia nafasi ya vidole viwili. Kola ya kwanza niliishona kichwa chini miguu juu, fundi akasema labda mteja anatembea kwa mikono. Mama amenikataza kukuambia kitu kimoja kwa hiyo sikuambii. Kalamu iko wapi? Au nayo inapitiwa upya?

*

20 Machi 1991

Mama,

Shikamoo.

Nimesoma habari ya daftari. Nimeisoma mara nyingi. Nimeandika dokezo kwa mkuu wa idara kueleza kwamba kuna kasoro katika namna takwimu zilivyokusanywa. Bado sijajibiwa.

Naomba ufanye jambo hili. Kusanyeni majina ya watu wote wanaotibiwa pale, wazee kwa watoto wachanga, kila mtu kwa mstari wake. Kila mtu, Mama. Mtoto wa siku moja apewe mstari wake. Watie sahihi au wabonyeze dole gumba, halafu mnitumie.

Chiriku anakunywaje dawa? Asikose hata siku moja, na asipunguze. Mpeleke hospitali ya wilaya wampe za kutosha, usingoje Aprili. Na ni kitu gani ulichomkataza kuniambia?

Nisamehe kwa ufupi. Kesho natumwa safari ya kikazi ya wiki mbili.

Mwanao

*

3 Aprili 1991

Mwanangu,

Telegramu uliipata? Mjomba wako aliituma ofisini kwako. Tulikungoja mpaka saa kumi, bibi yako akasema tusimweke juani zaidi ya hapo. Tukamzika.

Barua yako ya tarehe ishirini imefika siku ya tatu baada ya mazishi. Umeandika asikose hata siku moja. Baba yako aliniomba nimsomee, nikasoma hapo pa salamu nikaikunja.

Nitakuambia kile kitu, maana hayupo tena wa kumkataza. Vidonge vilikuwa vya wiki mbili na miezi ni miwili. Nikampa kimoja badala ya viwili. Vilipoanza kupungua nikavikata kwa wembe wa baba yako. Nilivikata sawasawa, mwanangu, naapa, kila nusu niliipima kwa jicho juu ya sahani. Chiriku alikuwa ananitania, anasema mama utaanza kunipa harufu yake tu.

Na hospitali ya wilaya nilimpeleka, kabla hujaniambia. Tulipanda basi la Jumanne, tukalala kwenye varanda. Asubuhi dirishani wakasema mgonjwa wa kifafa wa siku zote lazima aje na barua ya zahanati yake. Nikasema zahanati yetu mmeifunga. Yule kijana akasema, mama, mimi sikuifunga, mimi nataka barua. Chiriku akamwambia, "Basi tuandikie wewe hiyo barua, kwamba hakuna wa kuandika barua." Watu foleni nzima wakacheka. Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua una kazi yetu mkononi, sikutaka uone hatuna subira.

Ilikuwa tarehe ishirini na sita, mchana, yuko kwenye cherehani. Alianguka, akatulia, akaanguka tena kabla hajafumbua macho, halafu ikawa haikatiki. Baba yako akampakia kwenye baiskeli, mimi nimemshika kwa nyuma, mjomba wako anasukuma. Tulikimbia. Na unajua tulikimbilia wapi? Hakuna aliyesema twende wapi. Miguu ilitupeleka zahanati. Tulifika mlangoni na kufuli tunaliona, na baba yako bado anaita, Sista, Sista. Mimi nilikuwa na funguo za mlango ule miaka tisa, na nilikuwa nimezikabidhi kwa yule bwana kwa mkono wangu, nikampa na ufagio.

Mjomba wako akavunja kufuli kwa jiwe. Tukamlaza sakafuni, vitanda si havipo. Alikufia pale. Ile sakafu naijua kila ufa.

Sasa nataka kitu kimoja kwako. Nataka jina la yule aliyetuhesabu. Wewe unaweza kulipata, liko kwenye makaratasi yenu. Sitaki kumfanyia ubaya, nitamfanya nini mimi. Nataka tu ajue alichohesabu. Nataka aje akae nami siku moja, aone vile vidonge sita na nusu vilivyobaki kwenye kikopo, nimwambie, hivi navyo hesabu.

Wewe ulijitahidi, Mungu anaona. Nitumie hilo jina upesi.

Mama yako

*

17 Aprili 1991

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano.

Telegramu niliikuta mezani niliporudi safari, siku tisa baada ya yenyewe kufika ofisini. Ilikuwa imewekewa kikombe juu yake.

Jina unalolitaka ulilitoa wewe mwenyewe, siku niliyozaliwa.

Ni mimi, Mama. Mwaka jana mwezi wa kumi tulipewa nakala za madaftari ya zahanati mia mbili na kumi na mbili, makarani watatu, siku nne. Agizo lilikuwa kwamba yoyote isiyofikisha wagonjwa thelathini kwa siku ifungwe. Hayakuwa na majina ya mahali, yalikuwa na namba. Niliweka rula juu ya ukurasa, nikahesabu mistari. Mstari mmoja, mtu mmoja. Kwenu niliona kumi na mmoja kwa siku. Yale maandishi madogo pembeni niliyaona, nikadhani ni maelezo ya ugonjwa, sikusoma. Nilikuwa mwepesi kuliko wenzangu wote na nilisifiwa.

Orodha ilipotoka na majina, nikaona pa kwetu. Ningeweza kusema kitu. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa wataniona napendelea nyumbani. Nilijiambia hii ndiyo haki. Mimi niliyezaliwa pale, ninayemjua mwanamke anayedeki pale, nilijiambia kumi na mmoja labda ni kweli.

Na ile miezi miwili, Mama, hakuna aliyeisema. Mkuu wa idara sikuwahi kumwendea. Niliandika hivyo ili ulale usingizi. Sikujua kwamba mngeshuka vitandani. Sikujua kwamba utaichukua miezi yangu miwili ugawie nayo vidonge.

Dokezo niliandika kweli, baada ya kujua habari ya mstari. Mkuu alinirudishia na maneno mawili: "Imeshapita."

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimehesabu upya nakala ya daftari, safari hii nikisoma kila neno. Mlikuwa arobaini na watatu kwa siku. Nimeandika jinsi nilivyokosea, nimetia sahihi na cheo changu. Ni kosa kutoa karatasi kama hii nje ya ofisi, na wakiiona nitafukuzwa, labda na zaidi. Ifanyeni mtakavyo.

Siombi unisamehe. Nilitaka tu usiendelee kumtafuta mtu mwingine.

Mwanao

*

29 Aprili 1991

Kwako mwanangu,

Baba yako anakusalimu. Bibi yako anakusalimu. Mjomba na mkewe wanakusalimu kwa pamoja, wamepatana msibani. Mama Mapacha anakusalimu. Basi.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sina tena wa kunisomea mara ya pili. Imenichukua siku nzima. Kuna mahali niliona huenda nimekosea herufi, nikarudi nyuma, nikaona hapana.

Nisikudanganye, nilijaribu kukuchukia. Nilianza asubuhi nikiwa nafua. Nikasema nitamchukia mpaka nimalize kuanika, halafu nione. Nikakuta naanika nguo huku nawaza kama unakula. Nilikasirika zaidi kwa hilo kuliko kwa barua.

Mwanangu, ni mimi niliyemwambia Sista mstari mmoja. Ni mimi niliyeshika wembe. Ni mimi niliyewaambia wenzangu teremkeni. Wewe ulihesabu vibaya na ukasema uongo, na huo uongo sitausahau, nauona kila nikiona sahani. Lakini nimekaa nikafikiri kwa kichwa changu hiki kisichokwenda shule. Hata kama tungekuwa kumi na mmoja kweli. Chiriku alikuwa mmoja tu. Aliyesema watu kumi na mmoja wafungiwe mlango si wewe wala si mimi, na huyo halali akihesabu vidonge. Tukibaki wewe na mimi tunagawana kosa hili kila mtu na nusu yake, yeye atakuwa amepata nafuu sana.

Baba yako sijamwambia. Anakaa na baiskeli ya mtu mbele yake, anazungusha gurudumu, anaangalia linavyosimama. Nitamwambia. Siyo leo.

Wanawake nimewaambia. Niliwaita nyumbani, nikawasomea barua yako yote, pamoja na pale pa rula. Nilingoja mtu asimame anitemee mate. Bibi yako ndiye aliyesema, "Nilijua hatukupaswa kushuka." Halafu akasema, "Tunaenda lini?"

Tunaenda kwa mkuu wa wilaya Jumatatu ya tarehe ishirini mwezi ujao. Majina tumekusanya, kila mtu na mstari wake, mia sita na nne. Mama Mapacha yuko mwezi wa nane sasa. Hilo tumbo haliwezi kungoja mtu ahesabu tena, na hospitali yenyewe ni safari ya basi linalopita mara mbili kwa wiki.

Sasa ile karatasi yako. Nimeifunga kwenye kitambaa, iko chini ya godoro langu. Mjomba wako anasema bila hiyo watatuambia tumejitungia watu. Na anasema hata hiyo yenyewe watasema tumeiandika sisi, karatasi haiwezi kuulizwa swali ikajibu. Anasema ingekuwa wewe mwenyewe umesimama pale, useme kwa mdomo wako, hapo wangekosa pa kupitia. Mimi nilimwambia huyu ni mtoto wangu aliyebaki, watamfukuza, watamfunga. Akasema, najua.

Basi nakuuliza wewe. Uje? Ukija nitakupokea kwenye basi mwenyewe, na nitasimama karibu yako mbele ya yule mkubwa, akikukemea anikemee na mimi. Ukishindwa kuja, niandikie kama karatasi niipeleke. Na ukisema nisiipeleke, sitaipeleka. Wewe ni mwanangu, sitakutoa kwa nguvu. Lakini tumedanganyana vya kutosha, wewe ili nilale, mimi ili usihangaike, kwa hiyo sikwambii kwamba itakuwa sawa. Haitakuwa sawa. Nitakupenda, nitakuombea, na nitakulaumu mpaka siku yangu.

Andika upesi, barua zinachukua siku kumi na wewe unajua. Jumatatu hiyo wanakuja kunipitia saa mbili asubuhi, na nitakuwa nimeshavaa.

Ni mimi mama yako